Wateja Wasiorudi

Karakana ilikuwa na vyumba viwili na watu wanne, na kati ya hao wanne hakuna aliyekuwa na kazi moja. Mzee, mwenye karakana, ndiye aliyepima vigutu, aliyekoroga plasta na kukata plastiki, na mvua ikinyesha ndiye aliyepanda juu kuziba bati. Mkewe, ambaye kila mtu alimwita Shangazi, hata wateja waliomzidi umri, alipokea watu, aliandika miadi, alichemsha chai na kusafisha vidonda. Wa tatu alikuwa mshona mikanda ya ngozi aliyepewa jina la Kimya kwa sababu hakuwahi kunyamaza. Wa nne alikuwa Dole.

Dole alipata jina hilo kwa sababu ya kidole gumba chake cha kulia. Kazi yao ilikuwa kutengeneza miguu ya bandia, na katika mguu wa bandia kila kitu ni kikombe, yaani ile sehemu ya juu iliyo wazi ambamo mtu huingiza kigutu chake, kile kipande kilichobaki baada ya mguu kukatwa. Kikombe kikibana, ngozi huchubuka. Kikipwaya, ngozi huchubuka vilevile. Dole aliingiza mkono kikombeni, akapitisha dole gumba taratibu kama mtu anayetafuta mwiba, kisha akasema, "Hapa." Akachukua msasa, akasugua mara kumi, mara ishirini, akarudisha dole. "Sasa sawa." Mteja akijaribu, anatabasamu. Mzee alipenda kuwaambia wageni kwamba yeye Mungu alimpa mikono miwili, Dole akapewa kidole kimoja, na bado aliyepunjwa ni yeye Mzee.

Miaka kumi na miwili ilipita hivyo. Likizo ni neno ambalo pale halikukatazwa wala halikutumika. Ukiumwa, kazi yako ilibaki mezani inakungoja, maana hapakuwa na wa kuishika. Mwaka binti wa Dole alipolazwa kwa pumu, Shangazi alikuja hospitali na chupa ya uji, akakaa kando ya kitanda mchana kutwa ili Dole aende kumalizia mguu wa mtu aliyekuwa anasafiri kesho yake. Dole alimshukuru mpaka machozi yakamtoka. Alipofika njiani ndipo ilipomjia kwamba hakuna hata mmoja wao aliyefikiria kuwa safari ya mtu yule ingeweza kusogezwa.

Aliyeleta habari za kampuni kubwa ya miguu ya bandia ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyekuwa mtunza stoo huko.

"Shemeji, huko kwenu mnaishi kama familia, nakubali," alisema, akiwa amekwisha kujipakulia mara ya pili. "Lakini familia haina bima."

Mumewe Dole, ambaye alikuwa mpaka rangi, alitazama dari kama anayekisia litahitaji kupigwa mikono mingapi. Kisha akasema, "Mtoto akibanwa tena, tutamwita nani? Kimya aje kumhadithia?"

Dole alikwenda kumuaga Mzee asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuja. Alikuwa ameandaa maneno njia nzima, na yote yakamkimbia mlangoni. Mzee alimsikiliza akiwa ameshika ndoo ya plasta.

"Nenda," alisema. "Mtoto haponi kwa heshima."

Akaendelea kukoroga. Plasta ilikuwa imeanza kuganda, na plasta haimngoji mtu.

Kampuni ilikuwa na ghorofa sita, lifti mbili, wafanyakazi mia tatu na arobaini, na mlinzi aliyesoma kitambulisho chako kila asubuhi kama mtu anayekuona kwa mara ya kwanza. Chini kabisa palikuwa na chumba cha vipimo, ambamo mashine ilizungusha mwanga juu ya kigutu na kukipiga picha pande zote. Ghorofa ya pili mashine nyingine ilichonga kikombe kwa kufuata picha hiyo. Ghorofa ya tatu walifunga vyuma na nyayo za mpira. Dole aliwekwa ghorofa ya nne, Idara ya Umaliziaji, ambako kazi yake ilikuwa moja tu: kulainisha ukingo wa kikombe, pale juu, ili usimkwaruze mtu. Miguu ilimfikia ikiwa ndani ya vikapu vya plastiki, kila mmoja na kibandiko chenye namba.

Siku ya kwanza aliinua mguu mmoja, akaugeuza, akamuuliza msimamizi, "Huyu ni nani?"

Msimamizi alikuwa msichana mdogo kuliko yeye, mchangamfu, na hakuelewa swali. "Huyo ni elfu nne mia mbili na sita, dada."

Mazuri yalikuwepo, na Dole hakuwa mtu wa kuyakana. Saa kumi kamili kengele ililia na watu wakaweka vifaa chini, hata kama msasa ulikuwa katikati ya safari. Binti yake alipata daktari aliyeyajua mapafu yake, na dawa ya kuvuta iliyokaa kwenye mkoba wa shule. Dole alipopewa likizo ya kwanza ya siku ishirini na moja, alikaa nyumbani akisugua masufuria mpaka mumewe akamuuliza kwa upole kama amefukuzwa kazi na anaogopa kusema.

Jambo moja tu lilimkera. Mkono wake ulipokuwa ukishika ukingo, dole lilikuwa linateremka lenyewe ndani ya kikombe, kama mguu wa mtu aliyezoea ngazi za nyumba yake. Na kila lilipofika chini kidogo ya goti, mbele, pale mfupa wa muundi unapokaribia ngozi, lilimwambia: panabana. Alivumilia mwezi mmoja. Mwezi wa pili akakunja kipande cha msasa, akakipeleka ndani, akasugua mara kumi. Akarudisha dole. Sasa sawa. Hakumwambia mtu. Ndani ya wiki sita alifanya hivyo kwa miguu ishirini na sita, na siku hizo alirudi nyumbani na uchovu anaoufahamu, ule mzuri.

Kisha akaitwa ghorofa ya sita, kwa Injinia.

Injinia alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye sauti ya mtu aliyelelewa maktaba. Alisimama Dole alipoingia.

"Karibu uketi, mama. Sijakuita kukufukuza."

Mtu akianza hivyo, mwili mzima hukaa tayari kufukuzwa. Dole aliketi kwenye ncha ya kiti. Mezani palikuwa na vikombe saba vimepangwa mstari mmoja.

"Kila mteja wetu anapigiwa simu siku ya thelathini," Injinia alisema. "Anaulizwa maswali kumi na mawili. Hawa saba walisema wana vidonda, tukawaomba wairudishe miguu. Ndani, mahali palepale, kuna alama za msasa. Mashine yetu haitumii msasa."

"Ni mimi," Dole alisema.

"Najua ni wewe. Tukatafuta miguu mingine iliyopita mezani kwako yenye alama hizo. Yote pamoja ni ishirini na sita?"

"Ishirini na sita."

Injinia alimgeuzia karatasi. "Kumi na tisa wanasema wako vizuri, tena vizuri kuliko wateja wetu wengi. Hao umewasaidia. Saba umewaumiza."

Dole aliitazama ile karatasi. Ilikuwa na namba tupu. "Ni kina nani?"

"Majina yapo chini, mapokezi. Hapa nina namba tu."

"Baba," alisema Dole, na neno hilo lilimtoka lenyewe, maana kijana alikuwa na adabu, "nimefanya kazi hii miaka kumi na miwili. Kule nilikotoka hakuna mtu aliyewahi kulalamika."

"Mlikuwa mnawauliza?"

"Aliyeumia alirudi, tukamrekebishia."

"Na asiyerudi?"

"Asiyerudi anatembea."

Injinia aliinamia karatasi yake, na Dole akaona kule kuinama ni ukosefu wa adabu. Ndipo akamweleza habari za Mwalimu. Mwalimu alikuwa mstaafu aliyefundisha hesabu, na mguu wake ndio wa kwanza ambao Dole aliutengeneza peke yake, toka plasta mpaka mkanda, miaka tisa iliyopita. Mara mbili kwa mwaka Mwalimu alikuja karakana kuwasalimu tu, bila tatizo lolote. Aliingia kwa mguu ule, akakaa, akanywa chai na biskuti, akamtania Kimya, akaondoka kwa mguu uleule.

"Huyo muulize," Dole alisema. "Yeye ana jina."

Aliondoka pale na barua mbili. Moja ilikuwa ya onyo, iwekwe kwenye faili lake. Nyingine ilimwomba akae na Injinia saa mbili kila wiki, amwonyeshe dole linasimama wapi na kwa nini. Kampuni kubwa inaweza kukukemea na kukushukuru asubuhi moja, mradi kila jambo liwe na karatasi yake.

Jumamosi alikwenda karakana. Mzee alikuwa ametoka kununua plastiki. Kimya alikuwa akishona mkanda na kumsimulia Shangazi habari ya jirani yake, ambayo Dole aliwahi kuisikia mwaka juzi, na Shangazi alikuwa akikunja bendeji safi.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umenenepa. Huko mnakaa tu?"

Walicheka, wakaulizana hali za watoto. Kisha Dole akauliza, kama kwa kupitia tu, "Mwalimu amekuja mwaka huu?"

"Amekuja. Mwezi wa pili."

"Anaendeleaje na mguu?"

Shangazi alikunja bendeji moja, akaiweka, akachukua nyingine. "Nilimwona tena juzi, kwenye foleni ya duka la dawa. Alikuwa na magongo."

"Mguu umeharibika?"

"Mguu haukuwepo, mwanangu."

Kimya aliachia sindano na kunyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza jina lake kumkaa.

"Pengine siku hiyo ulikuwa unamsumbua," Dole alisema.

"Nimemwona mara tano. Miaka tofauti. Mara zote magongo."

"Na hukusema?"

"Nimwambie nani?" Shangazi alisema, bila ukali. "Akiingia mlangoni hapo, wewe na Mzee mnafurahi kama mmemzaa. Nilidhani na yeye anataka iwe hivyo. Nikasema, watu wazima hao, waache."

Dole hakumngoja Mzee. Mwalimu alikaa mitaa mitatu tu kutoka pale, ghorofa ya kwanza. Miaka yote hiyo ni yeye aliyewatembelea, wao hawakuwahi kwenda. Dole alipanda ngazi akizihesabu, zikawa kumi na nane, nyembamba, zenye kona katikati. Mkamwana wa Mwalimu alifungua mlango akiwa na mikono yenye unga. Mwalimu alikuwa mezani anasoma gazeti, suruali imekunjwa na kubanwa pini chini ya goti, magongo yameegemea kiti. Hapakuwa na nafasi ya kuficha kitu.

"Fundi!" alisema, na uso ukajaa furaha ya kweli, kisha ukajaa kitu kingine.

Dole alisalimu, akaketi. "Mguu uko wapi, Mwalimu?"

"Upo."

"Upo kabatini," mkamwana alisema kutoka jikoni. "Unatolewa mara mbili kwa mwaka, kama suti."

Mwalimu alilikunja gazeti lake vizuri, kona kwa kona. "Asikusumbue huyo."

"Ulianza kukuuma lini?"

"Fundi, mambo ya zamani..."

"Lini, Mwalimu?"

Alifikiri, kwa kuwa alikuwa mtu wa hesabu na hakupenda kutoa jibu la kukisia. "Kabla sijafika barabarani."

"Siku ileile?"

"Siku ileile. Uliniuliza, 'Unaonaje?' Mzee amesimama nyuma yako. Shangazi ameshika birika. Yule mwenzenu amepunguza sauti kidogo ili asikie. Watu wanne mnaningoja mimi. Ungekuwa wewe ungesemaje?"

"Ningesema unabana."

"Usinidanganye, mwanangu. Ungesema asante."

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na hapa maiti mwenyewe alikuwa ameshukuru kwa kuzikwa vizuri. Dole aliomba auone mguu. Mkamwana aliuleta ukiwa ndani ya mfuko wa nguo, safi, soli ya mpira haijalika popote. Dole aliingiza mkono kikombeni na kupitisha dole gumba. Alipita mbele, alipita pembeni, alirudi mbele tena. Hakupata kitu. Kikombe kilikuwa laini kama ndani ya yai. Dole lilimwambia: sawa.

Hilo ndilo lililomuumiza kuliko maneno yote.

"Nionyeshe panapouma," alisema.

Mwalimu hakuingiza mkono mbele. Aligusa nyuma, kwenye ukingo, pale mishipa ya goti inapopita. Dole alijaribu kugeuza mkono wake afike pale, na dole halikukunjika upande huo. Lilipita juujuu bila nguvu. Halikuwa limewahi kukandamiza mahali hapo, katika mguu wa mtu yeyote, miaka kumi na miwili. Akaona jambo lenyewe zima kwa mara moja, na wale saba wa ghorofa ya sita wakiwa ndani yake: ukichota mbele, kigutu kinapata nafasi, kinazama, na ukingo wa nyuma unapanda na kuuma. Wenye nyama nyingi nyuma hawasikii. Wembamba wanaumia. Mwalimu alikuwa mwembamba kama rula yake.

"Njoo kwenye kampuni yetu," alisema. "Utapimwa upya."

"Huko mnanijua?"

"Hakuna atakayekujua. Utakuwa namba."

Mwalimu aligusa pini ya suruali yake. "Na mguu ukibana?"

"Kuna fomu. Unaandika, unatumbukiza kwenye sanduku."

"Sitamtazama mtu usoni?"

"Hutamtazama mtu."

"Basi huko," Mwalimu alisema, "huenda nikaweza kusema."

Jioni hiyohiyo Dole alirudi karakana akamweleza Mzee. Mzee aliketi juu ya gunia la plasta.

"Miaka tisa?"

"Tisa, Mzee."

"Amekula biskuti zangu miaka tisa akiwa na maumivu?"

"Ndiyo."

Kwanza alikasirika, akamwita Mwalimu mnafiki, akasema mtu mzima anayeshindwa kusema "napata maumivu" asimlaumu fundi. Kisha akamgeukia mkewe. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua," Shangazi alisema.

Kwa taarifa ya Kimya, ambayo ilimfikia Dole kwa simu ndefu sana, wazee wale walikaa siku mbili bila kuzungumza, kila mmoja akimtuma Kimya kwa mwenzake, na Kimya akiongeza yake njiani. Siku ya tatu Mzee alishusha daftari la miadi la miaka ya nyuma, akafuta vumbi, akaanza kuandika majina ya wale ambao hawakurudi. Jumamosi iliyofuata alifunga karakana, akavaa viatu vya kutokea, akatoka na Shangazi kwenda kubisha hodi.

Walikwenda Jumamosi nyingi. Wateja wengine walikuwa wamehama, wengine wamefariki. Wengi walikuwa wakitembea kweli, na mmoja alimkaribisha Mzee akiwa juu ya ngazi anabadilisha taa. Lakini walikuwepo pia waliotazamana na wake zao kabla ya kujibu. Jumamosi moja Mzee alirudi na miguu miwili ndani ya gunia, akaiweka juu ya meza, na hakuigusa mpaka Jumatatu.

Alimwomba Dole arudi. Alimwomba mara moja tu, kwa maneno machache, jambo lililofanya liwe gumu zaidi kukataa.

"Sitarudi, Mzee," Dole alisema. "Nitakuja Jumamosi moja kwa mwezi. Tutaangalia nyuma ya goti pamoja."

"Dole lako halifiki huko."

"Halifiki. Ila la kushoto nimeanza kulifundisha."

Alisema kweli, hakurudi, na sababu zake hazikuwa za kishujaa. Kulikuwa na mapafu ya binti yake. Kulikuwa na kengele ya saa kumi. Na kulikuwa na wale wasichana watatu wa ghorofa ya tano wenye vifaa vya kusikilizia masikioni, ambao siku nzima waliwauliza watu wasiowajua maswali kumi na mawili, na watu, kwa kuwa hawakuwa wakipendwa wala kupewa chai, wakajibu ukweli. Baada ya miezi mitatu kampuni ilimshusha chini, kwenye chumba cha kujaribia, akawa anawaona wateja wakisimama kwa mara ya kwanza. Injinia alikuwa ameandika barua. Dole alijiwekea sheria moja: hakumuuliza mtu yeyote "unaonaje" akiwa amesimama mbele yake. Alimwonyesha sanduku la fomu, kisha akatoka chumbani.

Mwalimu alipewa namba yake na mguu mpya. Aliandika fomu ya kwanza wiki ya pili, ya pili wiki ya nne. Mwandiko wake ulikuwa wa ubaoni, mkubwa na ulionyooka, kwa hiyo kila mtu mapokezi aliujua ingawa fomu haikuwa na jina. Mguu ulirekebishwa mara mbili. Fomu ya tatu ilimfikia Dole mwenyewe asubuhi moja, ikiwa juu ya rundo, naye akaisoma akiwa amesimama kaunta.

*Nyuma ya goti sasa ni pazuri. Mbele panabana kiasi, upande wa kulia. Pia, fundi wa chumba cha kujaribia huongea kwa haraka, na hakunipa muda wa kuvaa soksi ya kigutu.*

Dole aliisoma mara mbili. Akatia sahihi mahali palipoandikwa "Imesomwa na", akaweka tarehe, akafungua mlango wa ukumbi wa kusubiri. Mwalimu alikuwa amekaa safu ya pili, gazeti limefunika uso.

"Namba elfu tano na kumi na nne," Dole aliita. "Karibu ndani. Leo tutaanza na soksi."

Gazeti likateremka polepole.